Hospitali Mpanda: Mshindani Wako Yuko Stendi

Ukitaka kuujua ushindani wa hospitali Mpanda, weka pembeni kwanza ule mpango wa biashara wa kurasa arobaini. Amka saa kumi alfajiri, nenda stendi ya mabasi, kaa kwenye benchi la mama wa chai, agiza chai ya rangi na chapati moja, kisha tazama wanaopanda magari ya Tabora, Mwanza na Mbeya. Utawatambua bila kuuliza. Mzee kajifunika shuka, bahasha kubwa ya kaki yenye picha ya X-ray ipo kwapani, na binti yake kabeba chupa ya uji na mto. Hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 500. Nauli ya watu wawili wanayo, na ya gesti ya msindikizaji wanayo. Huenda jana jioni walipita mbele ya geti lako. Hela hawakukosa. Walichokosa ni imani na wewe.

Wamiliki wengi wa vituo, ukiwauliza mshindani wao ni nani, wanakutajia jirani: kapaka rangi mpya, kaleta ultrasound, kashusha bei ya kumwona daktari. Jirani huyo anakusumbua, sikatai, lakini ni mdogo. Wakubwa ni watatu. Wa kwanza ni hospitali ya Serikali, inayotoa bure baadhi ya vile unavyotaka kuuza. Wa pili ni duka la dawa lililo hatua ishirini kutoka mlangoni kwako. Wa tatu ni basi. Haya ninayoandika ni kwa ajili yako wewe unayeendesha hospitali binafsi au ya dini ndani ya mkoa wa Katavi, na ni ya kukusaidia kuishi na hao watatu.

Soko lenyewe

Biashara hii ina umri mdogo kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya mwaka 1977 ilizuia hospitali binafsi za kutafuta faida, zikabaki za Serikali na za mashirika ya dini. Mlango ulifunguliwa tena 1991. Miaka miwili baadaye hospitali za Serikali nazo zikaanza uchangiaji, na mgonjwa akazoea kwamba matibabu yana bei. Kwa hiyo mzee wa miaka sabini unayempokea leo ameishi ujana wake akiamini kwamba hospitali ni ya Serikali au ni ya mapadri. Wewe wa tatu bado anakupima.

Katavi yenyewe ilimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Ukizipeleka namba hizo benki, ofisa mikopo atatabasamu. Wewe usitabasamu haraka. Jiulize kwanza hao milioni ni akina nani na wanaishi wapi. Ni wakulima wa tumbaku na mahindi, wafugaji wa Kisukuma waliohamia na mifugo yao, wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Magamba na Dirifu, na familia za Katumba na Mishamo ambazo wazazi wao walikimbia Burundi mwaka 1972. Wengi wako mbali na lami, na fedha inawafikia kwa msimu. Tena namba hizo Serikali nayo imezisoma. Imeleta hospitali ya rufaa ya mkoa na imejenga vituo vya afya. Zile shilingi trilioni 1.3 za mpango wa UVIKO-19 za mwaka 2021 nazo zilinunua, pamoja na mengine mengi, mashine za CT-Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Na tangu 2024 kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia zinazunguka hospitali za halmashauri, bingwa anamfuata mgonjwa hukohuko aliko.

Kwa hiyo kuongezeka kwa watu hakukuhakikishii mgonjwa hata mmoja.

Usiuze kinachotolewa bure

Kosa linaloua hospitali ndogo nyingi huanzia kwenye wodi ya wazazi. Mmiliki anatazama takwimu na kuona mahitaji. Kweli yapo: utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulionyesha kwamba Katavi asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Mmiliki anapiga hesabu ya vitanda, anajenga, anaajiri wakunga, kisha anangoja. Mjamzito hafiki, kwa sababu kisera mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano hawalipi katika vituo vya Serikali. Binti wa miaka kumi na saba kutoka kijijini hawezi kukulipa wewe laki kadhaa kwa kitu anachopewa bure upande wa pili wa mji. Akija kwako atakuja usiku wa manane, hali imeshaharibika, bila hela, na utampokea kwa sababu kumfukuza hakuwezekani.

Simaanishi ufunge uzazi. Usiutegemee tu kulipa mishahara. Ufanye kuwa mlango. Nenda kwa Mganga Mkuu wa Manispaa, au wa halmashauri uliyopo, uombe kituo chako kiwe na kliniki ya mama na mtoto. Chanjo hutoka serikalini na mteja hachajiwi. Utahitaji jokofu la chanjo, muuguzi aliyefundishwa na rejista zinazojazwa kila siku bila uvivu. Mama akishazoea kumleta mtoto kwako kupimwa uzito, siku yeye mwenyewe akiumwa jino au baba akipanda presha, miguu inaifuata njia ileile. Kama hospitali yako ni ya dini, ulizia pia mkataba wa huduma na halmashauri: unahudumia makundi ya msamaha, halmashauri inachangia gharama. Ila usisaini kabla hujaona fedha hiyo italipwa lini na kutoka fungu gani. Mkataba usiotaja fungu ni barua ya kirafiki.

Uuze nini, basi? Uza muda. Hospitali ya Serikali ina wataalamu, lakini ina foleni. Mwenye duka sokoni, mwalimu, dereva na wakala wa pembejeo akipoteza siku nzima kwenye foleni kapoteza fedha. Fungua hadi saa tatu usiku. Uza majibu ya maabara yanayoaminika, na yanayotoka siku hiyohiyo. Uza kliniki ya kisukari na shinikizo la damu, kwa sababu mgonjwa huyu hurudi kila mwezi kwa miaka, na ndiye anayehitaji mtu anayemjua jina. Meno na macho hapa bado yana nafasi.

CT-Scan usinunue. Nimeona watu wazima wakikopa kwa ajili ya mashine ambayo mkoa tayari unayo. Chukua X-ray ya kidijitali na ultrasound nzuri, kata kibali cha X-ray Tume ya Nguvu za Atomu kabla hujaifungua kwenye boksi, na muulize muuzaji swali moja tu: fundi wake anakaa mji gani, na nauli yake ya kuja Mpanda analipa nani? Akianza kujikanyaga, funga mkoba uondoke. Umeme nao uupangie. Mji huu umeishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya Taifa. Hata umeme unapotulia, mashine ya maabara bila stabilaiza ni kamari.

Malaria huja na mvua, hela huja na tumbaku

Hapa ndipo penye siri ya mji wenyewe, na ndipo washauri kutoka Dar es Salaam hukosea. Mvua huanza Novemba na kwenda hadi Aprili. Malaria inapanda, kuhara kunapanda, barabara za vijijini zinakatika. Ndio miezi ambayo nyumba nyingi hazina fedha: mbegu na mbolea vimekula akiba, mahindi mapya hayajakomaa. Tumbaku huanza kununuliwa mvua ikiisha, na malipo hupitia vyama vya msingi, wakati mwingine kwa kuchelewa. Kwa hiyo wagonjwa wako wengi huja wakiwa hawana kitu, na fedha huja wagonjwa wakiwa wamepungua.

Fanya hivi. Chukua kalenda ya ukutani, kwa kila mwezi andika idadi ya wagonjwa wa mwaka jana na fedha iliyoingia kweli mkononi. Usiandike ankara. Utaona mlima mmoja wa wagonjwa na mlima mwingine wa fedha, na katikati bonde. Bonde hilo ndilo linalokufanya ukope kwa riba ya mtaani mwezi Februari. Dawa za malaria, vipimo vya haraka, dripu na dawa za kuhara nunua Septemba na Oktoba, msimu wa fedha ukiwa bado haujakauka. Ongea na chama cha msingi cha wakulima: wanachama walipe kidogo kidogo wakati wa mauzo, watibiwe wakati wa mvua. Andika makubaliano, weka ukomo wa kiasi, na kila mwanachama awe na kadi yenye picha. Bila picha, kadi moja itatibu kijiji.

Halafu kuna bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianza 2001, na watumishi wa umma ndio msingi wake. Katika mji wa walimu, polisi na watumishi wa halmashauri kama Mpanda, kadi hiyo ni uhai. Lakini isome kama mfanyabiashara. Tuseme mapato yako kwa mwezi ni shilingi milioni 25, nusu yake ni NHIF, na malipo hukufikia baada ya miezi mitatu. Muda wote una milioni 37 na nusu ambazo umeshazifanyia kazi na huna. Dawa umetoa, mishahara umelipa, dizeli imeungua. Hospitali inaweza kujaa wagonjwa na ikafungwa kwa ajili ya hizo milioni 37.

Kisha kuna makato. Madai hukatwa kwa mambo madogo ya aibu: sahihi ya mgonjwa haipo, ugonjwa ulioandikwa haulingani na dawa iliyotolewa, dawa ni ya ngazi ya juu kuliko kituo chako, uhakiki wa kadi haukufanyika siku ile. Weka mtu mmoja ambaye kazi yake ni madai tu, na akae jirani na chumba cha daktari, asikae ofisi ya nyuma. Kila jioni kabla daktari hajavua koti, fomu za siku hiyo zipitiwe na yeye akiwepo. Daktari atanuna wiki ya kwanza. Mwache anune.

Machi 2024, kitita kipya cha bei za NHIF kilipoanza kutumika, wamiliki wa vituo binafsi walilalamika kwamba bei hazirudishi gharama, na baadhi ya hospitali kubwa zilisitisha kwa muda kuwahudumia wenye kadi. Wewe wa Mpanda huna ubavu wa kugoma. Ulicho nacho ni kujua gharama yako, na wengi hawaijui. Chukua kipimo kimoja, picha nzima ya damu. Tuseme umenunua vitendanishi vya vipimo 300 kwa shilingi 900,000. Kwa hesabu ya dukani, kila kipimo ni 3,000. Lakini chupa ikishafunguliwa ina siku zake. Zikiisha ukiwa umepima watu 100, kila kipimo kimekugharimu 9,000 kabla hujamlipa mteknolojia wala umeme. Sasa linganisha na bei ya kitita. Kwa kipimo kama hicho, hesabu inaweza kukuonyesha kwamba ni nafuu kupeleka sampuli kwa yule jirani unayemwita mshindani, na yeye akuletee za kwake kwa kipimo kingine. Sijui kwa nini jambo hili linaonekana fedheha. Wenye mashine za kukoboa mpunga wanafanya hivyo kila siku.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Jinsi itakavyozidi kushika, ndivyo bei itakavyopangwa na mfuko, na bei ikishapangwa hamshindani tena kwa kushusha. Mwenye kadi atakwenda anakoheshimiwa na anakokuta dawa.

Duka la dawa

Kaa mapokezi asubuhi moja, bila koti jeupe, na daftari dogo. Andika kila anayetoka kwa daktari na cheti: kaenda dirisha la dawa, au kaenda getini? Ukikuta nusu wanaenda getini, usilaumu duka. Dirishani wameambiwa "dawa hakuna" mara mbili, mara ya tatu hawaulizi. Au bei yako ni mara mbili ya dukani na wameshalinganisha.

Dawa zinazobeba hospitali ya ngazi yako ni chache, hazifiki hata thelathini. Ziorodheshe, ziwekewe leja, na kila moja iwe na kiwango cha chini ambacho kikifikiwa agizo linaondoka siku hiyo. Usafiri wa kuja Mpanda ni mrefu. Usingoje kopo liwe tupu. Bei ya hizo chache ilingane na ya duka la mtaani hata kama faida ni senti. Faida utaipata kwa mgonjwa kurudi.

Watu watakaokaa

Ajira za Serikali zikitangazwa, nusu ya wauguzi wako wanafungua simu. Hili halina dawa, na usipoteze usingizi kwa hasira. Mtumishi anafuata pensheni, nawe huna. Unachoweza ni kupunguza kasi. Lipa tarehe ileile kila mwezi, hata kama ni kidogo. Nyumba ni muhimu kuliko nyongeza: tabibu kijana kutoka Moshi au Bukoba akifika Mpanda akapewa chumba chenye maji na mlango unaofungika, atakaa mwaka wa pili. Na wasomeshe wa hapahapa. Binti wa Mlele mwenye mama yake Inyonga ana sababu ya kubaki ambayo mshahara hauwezi kuinunua.

Mkoa huu una mfano wa zamani wa daktari aliyebaki. Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari wa White Fathers, akasomea udaktari Malta. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Alioa hukohuko na akatibu hukohuko hadi alipofariki mwaka 1956. Huwezi kumwandikia mtu mkataba wa namna hiyo. Lakini kumbuka alioa hapo, akajenga hapo. Daktari deiwaka anayekuja Ijumaa na kuondoka Jumapili anaziba pengo, jina la hospitali halijengi.

Jina hujengwa pia na kauli. Mwanauchumi wa Marekani Kenneth Arrow alieleza mwaka 1963 kwamba matibabu si bidhaa kama nyingine, kwa sababu mnunuzi hawezi kupima ubora wa anachonunua. Kwetu ndivyo ilivyo: mgonjwa hajui kama mshono wako wa ndani ni mzuri, anajua choo kilinuka na muuguzi alimfokea. Atahukumu kwa anachokiona. Mfundishe mtu wa mapokezi kusema "Mwangaluka, mayu" kwa mama wa Kisukuma aliyetembea tangu usiku, na "Amahoro" kwa bibi wa Katumba. Gharama yake ni sifuri. Hela ya kumwona daktari aiombe baada ya salamu.

Jua mahali pako

Hospitali ya rufaa ya mkoa usiifanye adui. Andika namba ya zamu ya wodi zao ukutani. Mgonjwa akikuzidi, mpeleke mapema, kwa barua inayosomeka, na piga simu kabla gari halijawasha. Mgonjwa uliyemng'ang'ania kwa ajili ya ankara akafia mikononi mwako, Mpanda nzima itakuwa imejua kabla ya magharibi, na stendi itajaa kesho yake. Uliyempeleka mapema akapona, atarudi kwako kwa kliniki, na ataleta wengine. Vivyo hivyo damu: haiuzwi, na huna benki yako. Kama unafanya upasuaji, jitokeze na watumishi wako kwenye uchangiaji wa damu kila unapoitishwa, ili siku ukiomba chupa mbili usiku usiwe mgeni.

Na kabla hujaomba usajili wa hospitali kwenye Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi, fungua daftari lako la benki. Jumlisha mishahara, dawa na dizeli ya miezi minne. Kama huna kiasi hicho pembeni, bila kuhesabu hata shilingi moja ya bima, usifungue hospitali ya vitanda. Fungua kliniki ya mchana yenye maabara inayoaminika, na vitanda vingoje.